Dogo, theluji ya Alps sio ya Kibo

Dogo unaeuliza kama kufika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mara tano kunatosha kwenda kutembea Alps, ile milima ya Ulaya, mwezi wa kwanza, aisee hapana. Huku kwetu Moshi tumezoea kuogopa kichwa kuuma na mawe, kama yale ya njia ya Western Breach hapo Kilimanjaro 2006 yaliyoua Wamarekani watatu, ila kule kinachoua ni theluji yenyewe ikiporomoka. Theluji inaanguka kwa awamu, leo sentimita kumi, kesho upepo unaleta nyingine inakuwa ngumu kama godoro, na chini yake unakuta tabaka la chenga chenga kama sukari ambalo halijashikana na kitu, sasa wewe ukikanyaga juu ile sukari inavunjika na godoro zima linateleza na wewe ukiwa juu yake. Ndo maana wengi wanaofunikwa wameanzisha hilo poromoko wao wenyewe au mwenzao, sio kwamba mlima umewavizia.

Mteremko wa kuogopa ni ule wa nyuzi 30 mpaka 45, yaani hukohuko watu wanakopenda kuteleza na ski. Ukisikia chini pamelia "vuuum" au ukaona nyufa zinakimbia kutoka mguuni geuza, usibishane. Kila siku wanatoa taarifa ya hatari ya maporomoko, namba 1 mpaka 5, 5 ndo mbaya zaidi, na usijidanganye na 3, watu wengi wanafia hapohapo. Nenda na mwenyeji, kila mtu awe na kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefunikwa, koleo na ile fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kujua alipo, maana ukifunikwa zikipita dakika 15 hivi nafasi ya kutoka hai inashuka vibaya sana.