Maswali na Majibu: Kusafiri na bunduki ya kuwindia kwa ndege kutoka Mwanza

SWALI: Salaam mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Sengerema, nina bunduki mbili zenye leseni: raifo ya .375 na shotigani namba 12. Mwezi wa nane mimi na shemeji yangu tunakwenda kuwinda nyati upande wa Liwale, na leseni za uwindaji tunazo. Miaka yote nimewinda kwa gari. Safari hii ni ndege ya abiria kutoka Mwanza hadi Dar, halafu ndege ndogo ya kukodi hadi porini. Naruhusiwa risasi ngapi? Shemeji hana begi la maana, naweza kumbebea zake? Boliti ya raifo, kile chuma cha kufungia chemba, niiweke kwenye begi la mkononi, ili hata bunduki ikiibwa isifanye kazi? Na visu, pawabenki, dawa ya kusafishia mtutu na jiko dogo la gesi vinakaa wapi?

JIBU: Ndugu yangu wa Sengerema, salaam. Nianze na ambalo hukuuliza, maana ndilo linalowarudisha watu nyumbani na makasha yao: shirika la ndege umeshaliambia? Leseni ya silaha inakupa haki ya kumiliki, haimlazimishi mwenye ndege kukupakia. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga risasi ni bidhaa hatari, na abiria huruhusiwa kusafiri nazo kwa ridhaa ya shirika tu. Kwa hiyo kabla ya kulipia tiketi nenda ofisini kwao au waandikie. Taja aina za bunduki, namba zake na uzito wa risasi, kisha omba jibu la maandishi ulichapishe. Mhudumu wa kaunta saa kumi na moja alfajiri hajui ulichoongea na mwenzake kwa simu wiki iliyopita. Wenye ndege ndogo nao waandikie kivyao, maana ridhaa ya shirika la kwanza haiwahusu.

Sasa risasi. Kikomo ni uzito, hakuna anayehesabu moja moja: kilo 5 kwa abiria, pamoja na maboksi na kasha lake. Ni kwa abiria, si kwa bunduki, kwa hiyo kuwa na bunduki mbili hakukupi kilo 10. Tupige hesabu. Risasi moja ya .375 yenye kichwa cha greni 300 (kama gramu 19) ina gramu arobaini na kitu, hivyo boksi la risasi 20 linakaribia kilo moja. Boksi la risasi 25 za shotigani linapita kilo moja. Ukichukua maboksi mawili ya kila aina uko kwenye kilo nne na ushee, na kasha bado hujaliweka mzanini. Pima nyumbani; kama una ndugu pale Mwaloni Kirumba, mzani wa samaki unatosha kabisa. Na kwa maoni yangu, mtu anayehitaji zaidi ya risasi 40 za raifo kwa safari moja ya nyati hana shida ya mizigo, ana shida ya shabaha.

Risasi za shemeji hapana. Kanuni inasema wazi kwamba mgao wa watu wawili hauunganishwi katika kifurushi kimoja. Abebe zake, ndani ya begi lake, kwa jina lake. Bunduki vilevile: anayesimama kaunta na silaha ndiye jina lake liwe kwenye leseni. Habari ya “ni ya shemeji, anakuja nyuma” itakupeleka kituoni, tena kwa haki.

Watu huniuliza kwa nini risasi zinaruhusiwa wakati baruti hairuhusiwi, ilhali ndani ya risasi mna baruti hiyohiyo. Sababu ni mtutu. Risasi ikilipuka nje ya bunduki hakuna kitu cha kuibana, hivyo ganda hupasuka na kichwa hakiendi mbali wala hakina nguvu ile ya porini. Ndiyo maana risasi za kawaida zimewekwa kundi la milipuko liitwalo 1.4S, ambalo madhara yake hubaki ndani ya kifurushi na hayamzuii mtu kuzima moto akiwa karibu. Baruti ya mkebe na fataki (vile vidonge vya kuwashia baruti ya gobole) hazimo katika ruhusa hii ya abiria. Wenye magobole wanielewe: gobole lenye leseni laweza kusafiri kama bunduki nyingine, lakini baruti na fataki zake hazipandi ndege, ziwe begi la chini au la mkononi, hata kidogo cha kijiko. Risasi zenye kichwa cha kulipuka au kuwasha moto nazo zimekatazwa.

Risasi zikae kwenye boksi lake la dukani au kasha lenye vijumba, kila moja mahali pake. Zisimwagwe kwenye soksi wala kuachwa ndani ya magazini. Mashirika mengine yanakubali zilale kasha moja na bunduki, mengine hayataki. Ukiziweka kwenye kasha dogo lenye kufuli, ndani ya begi jingine la kupakia, hakuna atakayekusumbua.

Kwa upande wa bunduki yenyewe, Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka mambo mawili: mtu aliyeidhinishwa ajiridhishe kwamba haina risasi, na ikae mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifikia ndege ikiwa angani. Ukishayajua hayo mawili, kila wanachokufanyia uwanjani utakielewa. Watafungua chemba na kuchungulia. Watalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye leseni, kwa hiyo futa grisi iliyoifunika, na hakikisha kishikizo cha darubini hakijakaa juu yake. Nimeona foleni nzima ikisimama kwa sababu herufi moja haisomeki na mwenye bunduki anatafuta kitambaa.

Kasha liwe gumu, la plastiki nene au chuma, na kila tundu la kufuli liwe na kufuli. Jaribu hivi: lifunge, kisha vuta kona moja kwa vidole. Ukipata upenyo wa kuingiza mkono, kasha hilo halifai hata kama ulilinunua ghali. Ndani weka sponji ya kuzuia bunduki isicheze. Nje usiandike wala kubandika chochote kinachotangaza kilichomo. Ukifika kaunta sema kwa sauti ya kawaida kwamba una silaha ya kutangaza, toa karatasi zako, na kasha usiliguse mpaka askari akuelekeze mahali pa kulifungulia. Ukilifungua palepale mbele ya abiria wenye maboksi yao ya sangara utazua taharuki ya bure. Funguo ubaki nazo wewe, na usiondoke mpaka uambiwe kasha limepita ukaguzi.

Boliti mkononi, hapana. Nia yako naielewa, lakini kipande chochote cha bunduki kinahesabiwa kuwa silaha mlangoni pa abiria, na mashine itakionyesha. Itoe kwenye raifo kama unataka, kisha iweke kwenye begi lako jingine la kupakia, lenye kufuli. Kama kasha litapotea, bunduki itakuwa bila boliti. Nia yako imetimia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni nguo. Koti la kuwindia lina mifuko ambayo mwenyewe umeisahau: ya kifuani, ya ndani, na ule mkubwa wa mgongoni wa kuwekea kanga na kwale. Bitana ikitoboka, risasi ya shotigani huteleza ikalala chini kabisa kwenye pindo, ukilikung'uta husikii kitu. Mashine inaiona. Na risasi moja kwenye begi la mkononi ni kosa, hata kama kilo zako nyingine zote ziko sawasawa. Pindua mifuko yote nje, pitisha vidole kwenye pindo lote mpaka ulimalize. Begi unalokwenda nalo porini usilifanye la mkononi kamwe. Mbali na risasi iliyosahaulika, masalia ya baruti kwenye kitambaa yanaweza kukiamsha kipimo cha milipuko, na hapo utakaa kujieleza huku wenzako wanapanda.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Visu vyote begi la chini, ndani ya ala. Pawabenki na betri za akiba ni kinyume chake: mkononi tu, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka chini hakuna wa kuishughulikia. Kikomo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takribani 74, uko salama. Ya 30,000 inafika 111, hiyo unaiombea ruhusa ya shirika. Mtungi wa gesi wa jiko hausafiri kabisa. Dawa ya kuyeyushia uchafu wa mtutu kwa kawaida inashika moto, kwa hiyo iache nyumbani. Kiberiti kimoja kidogo kikae mfukoni mwako, si ndani ya begi. Na kama una ile darubini ya kuonea gizani, iache Sengerema. Kuwinda usiku kumekatazwa.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 humsubiri tena kivuko, lakini kumbuka uwanja uko ng'ambo ya pili ya jiji. Utalikata jiji lote, upite Kirumba na Pasiansi. Fika masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Ningekuwa wewe ningelala Mwanza.

Dar ndipo wengi wanapokwama. Ndege nyingi ndogo za kukodi huondokea Terminal 1, lile jengo la zamani, na huenda silo utakaloshukia. Utapokea kasha lako, utoke nalo nje, upande gari, kisha utangaze silaha upya kama vile safari ndiyo inaanza. Acha nafasi ya saa kadhaa kati ya ndege na ndege, na usipitie mahali popote na kasha hilo, hata kama ni chakula tu.

Ndege ndogo ina mambo yake. Wengi wanataka mabegi laini na mzigo wa kilo 15 kwa mtu, na kasha gumu la raifo ndefu peke yake linaweza kula nusu ya hizo. Tena kumbuka lile sharti la bunduki kutofikiwa angani. Kwenye Cessna Caravan mizigo ya nyuma haiko mbali na viti, kwa hiyo rubani huenda akataka kasha liende kwenye sanduku la chini ya tumbo la ndege, kama ndege yake inalo. Mpe urefu wa kasha kwa sentimita mapema. Ikiwezekana acha shotigani nyumbani. Kwa nyati huihitaji. Ukishindwa kuiacha, itenganishe vipande viwili iingie kasha fupi.

Ukitua porini, kabla ya kumfuata mnyama yeyote, piga risasi mbili tatu kwenye shabaha ya mita 50. Darubini iliyotupwatupwa na wapakia mizigo haiaminiki mpaka ithibitishwe, na nyati aliyejeruhiwa vibaya ni kazi ya watu wote.

Kurudi ni utaratibu uleule, isipokuwa risasi zimepungua na huenda una nyama na pembe. Hizo zinahitaji karatasi za TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla hazijakaribia uwanja, kwa hiyo mmalizane na afisa wanyamapori hukohuko. Nyama igandishwe vizuri. Ukitumia barafu kavu, nayo ni bidhaa hatari: kilo 2.5 kwa abiria, kwa ridhaa ya shirika, na boksi liwe na upenyo wa kutolea hewa.