Kamera ndogo nzito, betri fupi, kadi ya kijivu: kabla hujauza

Ujumbe wa msomaji mmoja wiki hii: "Kaka, kamera yangu ya Canon, G7 X Mark II, imekuwa nzito. Nabonyeza, inapiga bibi harusi akishageuka. Betri inakata kabla ya keki. Na kadi nimenunua ya GB 512 kwa bei poa, ila picha za mwisho zote ni kijivu tupu. Niuze nichukue mpya?"

Usiuze. Kadi ya polepole huiweka kamera kazini muda mrefu, kamera iliyo kazini hula betri, betri ikilegea flashi inachelewa kujaa, na flashi ikichelewa picha inayofuata inakungoja. Watu wengi hutibu kimoja, kesho yake wanalalamika kile kingine.

Kijivu kwanza, maana hapo ndipo picha za watu zinapotelea. Hiyo kadi karibu kwa hakika ni feki. Chipu inayoiongoza imepangwa kuiambia kamera kwamba ina GB 512, kumbe ndani kuna 16 au 32. Picha za mwanzo zinakaa vizuri kabisa, na ndiyo maana muuzaji hakuogopa ukijaribu mbele yake. Ukivuka ukubwa wake halisi, kamera inaendelea kuandika, jina la faili linaonekana, ndani hakuna kitu. Kuformati hakusaidii. Ipime kwa kompyuta: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia F3, yaani f3write halafu f3read. Programu hujaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Kwa kasi ya MB 15 kwa sekunde, kuandika GB 512 peke yake ni saa tisa na nusu, kwa hiyo ianzishe usiku ukalale. Kadi mpya yoyote ipitie kipimo hiki kabla haijaona harusi, hata ile uliyouziwa kwenye pakiti iliyofungwa.

Halafu, hizo GB 512 ulizitakia nini? JPEG, yaani faili la kawaida la picha, la kamera hiyo ya megapikseli 20 ni kama MB 7. Kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya 4,000. Video ya 1080p ya fremu 60 inaandikwa kwa megabiti 35 kwa sekunde, karibu MB 260 kwa dakika, kwa hiyo kadi hiyohiyo inabeba takriban saa mbili. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja kubwa: moja ikifa, sherehe haijafa yote. Kumbuka pia kwamba kadi za GB 4 hadi 32 hutumia mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Kwa video hiyo ni kama dakika 16. Hotuba ya baba mzazi ikirefuka, simamisha mwenyewe anapomeza mate, uanze klipu mpya.

Wenye kamera za zamani, zile za kabla ya 2006, wawe macho. Nyingi zinasoma SD ya kawaida tu, mwisho GB 2. Ukiweka SDHC, yaani aina iliyofuata ya zaidi ya GB 2 hadi 32, zinakataa, na kosa si la kadi.

Kuhusu kasi, namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi, 100 au 170, ni ya kusoma. Kamera inahitaji kuandika. Tafuta alama ndogo: 10 ndani ya C au 1 ndani ya U inaahidi angalau MB 10 kwa sekunde, na 3 ndani ya U au V30 inaahidi 30. Kwa video ya 1080p hata ya kwanza inatosha. Shida inakuja ukipiga mfululizo kwa RAW (faili ghafi, kubwa) na JPEG pamoja. Kila picha ni karibu MB 31. Kumi ni MB 310. Kadi inayoandika MB 10 itakuweka nusu dakika ukitazama taa ikipepesa, inayoandika 60 ni sekunde tano. Taa hiyo ikipepesa usifungue mlango wa betri, faili litakatika katikati.

Lakini picha ya bibi harusi kuchelewa si kosa la kadi moja kwa moja. Ni fokasi na flashi. Mwanga ukiwa hafifu, fokasi ya kamera hizi huenda mbele na kurudi ikitafuta. Bonyeza kitufe nusu mapema, ukilenga kisu juu ya keki, subiri kisanduku cha kijani, shikilia kidole hapohapo. Keki ikikatwa malizia kubonyeza, picha inatoka papo hapo. Zima Red-Eye Lamp, maana taa yake huwaka kwanza kabla ya picha, na muda huo mtu ameshafumba macho. Ukumbini usivute zoom: bila zoom lenzi hii inafunguka hadi f/1.8, ukivuta hadi mwisho inabaki f/2.8, na namba ikiwa ndogo mwanga unaoingia ni mwingi. Ukiweka f/1.8 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, mara nyingi flashi haihitajiki kabisa, na hapo umeokoa muda na chaji kwa mpigo mmoja.

Sasa betri. Betri ya kamera hii, NB-13L, inabeba chaji ya mAh 1250, na kipimo rasmi cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kinatoa picha 265 hivi, flashi ikiwaka nusu ya picha. Kwa harusi ya Kiswahili, inayoanza saa nane na kuisha saa sita usiku, hiyo haitoshi, na si ugonjwa wa kamera. Ingia kwenye menyu: Continuous AF (fokasi isiyopumzika) izime, maana lenzi inatembea hata hupigi. IS Mode, ya kuzuia mtikisiko, iweke Shoot Only, ifanye kazi unapopiga tu. Muda wa kuonyesha picha baada ya kupiga uondoe. Eco Mode iwashe. Na jamani, acheni kumwonyesha kila shangazi picha kwenye skrini! Skrini inakula chaji hata kama hupigi kitu. Kutuma kwa Wi-Fi pia subiri ufike nyumbani.

Kisha nunua betri ya pili. Yenye umbo la NB-13L iliyoandikwa mAh 2000 ni uongo wa waziwazi, mwili ule haubebi hivyo. Zikikaa bila kazi, ziache na chaji ya nusu, mbali na joto. Dashibodi ya gari juani ndiyo kaburi lake. Kila mwezi ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Nzima inakwaruza na kusimama, iliyovimba inazunguka kama pia. Hiyo isiguse chaja tena. Na ikiwa imeshakwama ndani ya kamera, usiichokoe kwa bisibisi: bandika kipande cha selotepu imara juu yake, uvute taratibu.