Pima kijana kwa kamba, kisha mpeleke mlimani

Tafuta kamba isiyovutika. Msimamishe kijana ukutani bila viatu, pima kwa kamba hiyo kutoka kisigino hadi utosini, ukate. Ikunje katikati, kisha umzungushie kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chake hakijapita nusu ya urefu wake, na hapo hamna shida. Zisipokutana, kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta yameanza kujikusanya ndani ya tumbo, hata kama mizani haijashtua mtu.

Wengi hukosea mahali pa kupimia. Kiuno si pale suruali inapofungwa. Papasa ubavu wa mwisho, papasa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kamba ipite katikati ya hivyo viwili, juu ya ngozi. Asubuhi za Bukavu, mji wetu wa milima mashariki mwa Kongo, kila mtu ana sweta, ipandishe. Kijana atavuta tumbo ndani kwa aibu, basi mwambie apumue kama kawaida, upime anapomaliza kutoa pumzi. Mwenye urefu wa sentimita 160 asipite 80.

Kwa nini tunaanza na kiuno, si kilo? Msichana wa miaka 13 akiongezeka mapaja na makalio, huko ni kubalehe. Mafuta hayo hukaa chini ya ngozi na hayana kesi. Anayemtania anamfundisha tu kuruka chakula wakati damu na mifupa yake inahitaji kulishwa. Mafuta ya ndani ya tumbo ni mengine kabisa: yanapotoka huko, mshipa huyapeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini likielemewa humwaga mafuta kwenye damu, na insulini, homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia mwilini, inaanza kupiga hodi bila kufunguliwa.

Angalia pia nyuma ya shingo na makwapani. Ukiona ngozi nyeusi, nene kidogo, laini kama kitambaa cha mahameli, usimlaumu kwamba haogi. Kuna watoto wanasuguliwa hapo kwa sabuni na kitambaa kigumu hadi wanachubuka, na weusi uko palepale, maana mara nyingi chanzo chake ni insulini iliyozidi katika damu. Shingo hiyo ikiandamana na kamba isiyokutana, nendeni kituo cha afya asubuhi kabla hajala. Sukari ikiwa chini ya 100 mg/dl ni sawa; 100 hadi 125 ni onyo; 126 au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Siku hiyohiyo apimwe tansio, yaani shinikizo la damu. Kuanzia miaka 13, 130/80 au zaidi katika ziara tatu tofauti inahesabiwa kuwa juu. Lakini kijana aliyetoka kupanda mtaa wa Kadutu kwa miguu akafungwa mkanda wa kipimo papo hapo atatoa namba ya mlima. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asiongee. Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Omba mkubwa zaidi.

Sasa mazoezi. Bukavu ina kitu ambacho miji mingine hulipia: mipando ya vilima. Chagua mmoja unaochukua dakika moja kuumaliza kwa mwendo wa haraka. Panda hadi kijana aweze kusema maneno matatu au manne lakini asiweze kuimba. Shuka polepole ukipumzika. Wiki ya kwanza panda mara 3 kila siku ya zoezi, kisha ongeza moja kila wiki hadi 8. Wakimbiao wakati wa kushuka ndio wanaolalamika magoti, hasa wanaorefuka haraka, ambao huumwa pale chini ya kifuniko cha goti. Matope ya mvua yakianza, tafuta ngazi.

Fanya zoezi hilo siku tatu kwa wiki zilizoachana, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Msuli uliofanya kazi huendelea kupokea sukari kwa urahisi kwa siku moja au mbili, halafu hurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo mpira wa Jumamosi pekee hautoshi. Siku nyingine atembee kwa haraka, acheze, afanye kazi: Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 kwa siku. Msichana anayepandisha bidoni (dumu) ya maji kila jioni huenda ameshazitimiza. Aliye hatarini ni kaka yake anayekwenda shule kwa moto, yaani pikipiki. Kiuno kinaweza kuchelewa kupungua, ila moyo na sukari hunufaika mapema, usikate tamaa kwa kuangalia kamba tu.

Chakulani, kata sukre (soda) kwanza. Chupa ya sentilita 33 hubeba gramu 35 hivi za sukari, vijiko vya chai vinane au tisa. Kijiko kikubwa cha mawese nacho kina kalori 120 hivi, basi pima mafuta ya sombe (majani ya muhogo) kwa kijiko, si kwa kumimina. Maharagi, samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lengalenga usivipunguze. Mlima wa bugali upungue kidogo tu. Kijana bado anakua.

Asipande mlima kabla ya kuonwa na daktari kijana aliyewahi kuzimia akikimbia, anayebanwa kifua akijitahidi, mwenye ndugu aliyekufa ghafla angali kijana, au aliyevimba viungo baada ya kuumwa koo. Huyo wa koo ana haraka zaidi: huenda valvu (milango) za moyo wake zimeshaguswa.