Handaki chini ya gereji

Mwanangu Salim,

Salamu kutoka hapa Wichita, sote hatujambo. Juzi uliniuliza kwenye simu kama uchimbe handaki la kujificha tornado, ule upepo mkali unaozunguka, chini ya gereji ya nyumba yako mpya hapo Moore, Oklahoma, nikakwambia ngoja kwanza nifikiri. Nimefikiri.

Haja ipo, hilo lisikusumbue. Mji huo umepigwa na tornado za daraja la juu kabisa mara mbili, tarehe 3 Mei 1999 na tarehe 20 Mei 2013. Ile ya 2013 iliua watu 24, saba kati yao watoto waliokuwa shuleni. Onyo lilitoka kama dakika 16 tu kabla haijagusa ardhi. Dakika hizo zinaninyima usingizi, kwa sababu bibi yako sasa anakaa kwako.

Wewe ulikuwa chuoni, hukuuona ule usiku king'ora kilipolia hapa. Nilimshika bibi mkono tukaanza kushuka chumba cha chini. Ngazi kumi na mbili tu. Kila ngazi anatanguliza mguu wa kulia, anagugumia, anapapasa ukuta kwa kiganja, ndipo auvute ule mwingine. Katikati ya ngazi kanga yake ikanasa kwenye msumari, na taa zimeshazimika. Nikapiga magoti gizani kuinasua. Tulipofika chini king'ora kilikuwa kimenyamaza. Alhamdulillahi, haikupita kwetu.

Handaki la gereji mlango wake uko sakafuni, na ngazi zake ni nyembamba, zimesimama. Wewe utaruka ndani. Bibi hawezi, na najua hutamwacha juu peke yake.

Kwa hiyo weka chumba cha chuma, kile kinachofungwa kwa bolti juu ya zege, humohumo gerejini. Wengi huamini chini ndiko kwenye usalama peke yake, lakini chumba kilichotengenezwa kwa viwango vya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, kinahimili upepo wa maili 250 kwa saa, yaani kama kilomita 400, na mbao zinazorushwa na upepo huo. Bibi ataingia kwa miguu yake, au kwa kiti cha magurudumu ikibidi. Mdai fundi karatasi inayoonyesha kuwa mlango na makomeo nayo yamepimwa, si kuta tu, na aukague unene wa zege kabla hajatoboa.

Kuna na maji, mwanangu. Siku 11 baada ya ile ya Moore ya 2013, tornado nyingine ilipiga karibu na mji wa El Reno, na usiku huohuo mafuriko yakawasomba watu waliojificha kwenye mtaro wa maji ya mvua mjini Oklahoma City. Handaki si mtaro, sawa, ila lisipozibwa vizuri linajaa, na ardhi ikilowa sana maji yanaweza hata kulisukuma litokeze juu.

Chumba kikishafungwa, kiandikishe manispaa, ili vifusi vikiziba mlango waokoaji wajue pa kukutafuteni. Ndani weka maji, tochi, filimbi, dawa za presha za bibi, na viatu vigumu vya kila mtu. Baadaye mtatembea juu ya misumari na vioo.

Nusu ya gharama naitoa mimi, usibishe. Nitakuja mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza. Tutamtoa bibi kitandani kwake mpaka ndani ya hicho chumba, nami nikihesabu dakika.

Mama yako