Kuvuka Mokowe Ukiwa Chumbani: Namna ya Kuituliza Hofu kwa Taswira

Mtu anayeogopa boti huambiwa maneno yale yale: usiogope, watu wanavuka kila siku, nahodha anaijua kazi yake. Naye huyakubali. Lakini akifika gatini Mokowe, upande wa bara wa kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, akaiona boti ikipanda na kushuka, magoti yanalegea kana kwamba hakuambiwa kitu. Si ukaidi. Hofu ile haikuingia kwa maneno. Iliingia kwa macho, masikio, pua na ngozi, na lugha inayoielewa ni hiyo.

Jaribu sasa hivi. Tamka neno "uchachu" mara tatu. Halafu fumba macho, uone kipande cha embe bichi kimepakwa chumvi na pilipili, ukishike, uhisi maji yake vidoleni, ukiume. Neno halikukufanya kitu, embe limekujaza mate. Ubongo unapoona kitu kwa mawazo hutumia sehemu nyingi zile zile unazotumia kukiona kwa macho, ndiyo maana mwili nao unaitika. Kazi yote tunayoieleza hapa imesimama juu ya jambo hilo. Tutachukua mfano wa hofu ya kuvuka kutoka Mokowe kwenda Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, kwa kuwa ni wa kawaida sana huku, ila njia ni hiyo hiyo kwa anayeogopa sindano, mtihani wa mdomo au kusimama mbele za watu.

Aliyeipa njia hii mpango ni daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliyeieleza kwa urefu mwaka 1958. Mgonjwa hutulizwa mwili kwanza, kisha huletewa akilini kile anachokiogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lang alitilia mkazo jambo ambalo wengi hulisahau hadi leo: taswira inayotaja bahari peke yake haiugusi mwili sana. Inayotaja bahari pamoja na kile ambacho mwili wako unakifanya, yaani kifua kubana, viganja kutoa jasho, tumbo kushuka boti inaposhuka, huamsha hofu yenyewe. Na hofu isiyoamshwa haiwezi kutulizwa. Kwa hiyo usiipambe picha. Anayejiwazia ameketi mbele ya boti, anatabasamu, kitambaa kinapepea, anajichorea kadi ya posta, na kadi ya posta haimsaidii mtu siku ya safari.

Anza kwa karatasi. Andika ngazi saba au nane za hofu hiyo hiyo moja, kila ngazi uipe namba, 0 ikiwa ni utulivu kabisa na 10 ikiwa ni hofu kubwa kuliko zote unazozijua. Kwa mvukaji wetu, kusikia mlio wa injini kwa mbali kunaweza kuwa 2. Kutembea juu ya gati ni 3. Kushuka ngazi zenye utelezi na kumpa baharia mkono ni 5. Kuketi botini kamba ikiwa bado imefungwa, 5 au 6. Kamba kufunguliwa na boti kugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, 7. Kuwa katikati ya mkondo maji yakiwa shwari, 8. Mahali hapo hapo wakati wa upepo wa kusi, mawimbi yakipiga ubavuni na maji yakikurukia usoni, 9. Injini kuzimika kwa dakika moja, 10. Ngazi mbili zikipishana kwa zaidi ya namba 2, tafuta nyingine uiweke katikati, la sivyo utakwama hapo.

Sasa andika maelezo ya ngazi ya kwanza, mistari kumi hivi, kwa wakati uliopo na kwa nafsi ya kwanza: naona, nasikia, nahisi. Uwe ndani ya macho yako mwenyewe, usijitazame kwa nje kama unayeangalia picha yako. Usianze na macho, anza na ngozi: ubao wa kiti ulio na unyevu, jua kwenye shingo, mtikisiko wa injini unaopanda kwenye nyayo. Kisha sikio: maji yakigonga ubavu wa boti, abiria wakiulizana habari, baharia akiita. Kisha pua. Pua isidharauliwe, kwa sababu habari zake hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko za macho na masikio. Kama harufu ya bahari haiji akilini, chukua bakuli la maji ya bahari na kipande cha kamba ya chombo iliyolowa chumvi, uviweke karibu. Kamba ile mkononi hufanya kazi ambayo kurasa mbili za maelezo haziwezi. Mwisho ongeza mwili: moyo wangu unakwenda mbio, naachia pumzi, mabega yanashuka. Soma maelezo hayo kwa sauti ya polepole ukiyarekodi kwenye simu, yasizidi dakika tatu.

Kikao kimoja ni dakika 20, mara moja kwa siku, saa ambayo nyumba imetulia. Dakika tano za mwanzo ni za kulegeza misuli: kaza ngumi kwa sekunde tano, achia kwa kumi na tano, fanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo na miguu. Pumzi iingie kwa hesabu ya nne na itoke kwa hesabu ya sita. Anayeanza kwa dua na aanze, ila akishaanza taswira asiikatize kila hofu inapopanda, kwa maana hapo dua inageuzwa mlango wa kukimbilia. Sikiliza rekodi macho yakiwa yamefumba, taja namba ya hofu yako, rudia. Wolpe alimtaka mgonjwa aiache picha hofu inapozidi. Wengi siku hizi huona ni bora kubaki ndani yake hadi namba ishuke walau nusu, nasi tunakubaliana nao. Ikipita 8 na haishuki baada ya kuirudia mara nne, umeruka ngazi: rudi ya chini. Ngazi ikikaa kwenye 2 au chini yake siku mbili mfululizo, panda inayofuata.

Yanayoharibika ni machache, na yanajirudia. La kwanza ni kutoka kwenye picha hofu ikiwa kileleni, kwa mfano kupokea simu wakati boti iko katikati ya mkondo. Mwili unajifunza kwamba uliokolewa na kukimbia. Zima simu kabisa au uiweke isiite. La pili ni kuharakisha: kamba inafunguliwa, na mara umeshafika Amu. Ukijiona unaruka sehemu, ndiyo sehemu unayoihitaji. La tatu halionekani kwa urahisi: kushika ubao kwa nguvu zote ndani ya taswira, kufumba macho ndani ya taswira, kubana pumzi. Vidole vifunguke hata akilini. La nne ni kuwazia ajali. Ngazi zako ziwe za safari kama inavyokuwa, na yule unayemwona awe ni wewe unayetetemeka na bado unaketi, unalipa nauli, unamjibu jirani salamu. Ukijiona shujaa asiyeogopa kitu, siku ya safari moyo ukidunda kidogo tu utadhani umeshindwa.

Wako wasioona picha yoyote wakifumba macho. Si ugonjwa, Francis Galton aliliandika jambo hili tangu 1880, na mwaka 2015 daktari wa Uingereza Adam Zeman akalitafutia jina la kitaalamu. Mtu wa namna hiyo aache macho, atumie kamba, bakuli, rekodi ya mlio halisi wa injini, na mkao: aketi kwenye benchi jembamba, ayumbe taratibu.

Ndoto mbaya zinazojirudia zina njia yake, na ni fupi. Mchana, ukiwa macho, andika ndoto ile kwa ufupi. Chagua mahali pa kuigeuza kabla haijafika kubaya, uigeuze upendavyo: wimbi linafika likiwa povu la magotini, mlango uliofungwa unatoa harufu ya udi na ndani yumo bibi yako. Rudia ndoto mpya akilini, siyo ile ya zamani, dakika 10 hadi 20 kila siku kwa wiki mbili au tatu. Wanaoirudia ile mbaya kila siku "ili waizoee" bila kuigeuza huwa wamechanganya njia mbili.

Kuna pia wanaofundisha kuififisha kumbukumbu: kuiondolea rangi, kuisogeza hadi mwisho wa kichochoro, kuipunguza sauti ya aliyekutusi hadi iwe kama redio ya nyumba ya tatu. Inatuliza kwa muda, na kabla ya kulala baada ya ugomvi tunaipendekeza. Lakini ushahidi wake ni mdogo kuliko wa ngazi, na anayeitumia kila hofu inapomjia anaishia kuikwepa.

Mambo mawili yasifanywe peke yako. Aliyeshambuliwa, aliyebakwa, aliyepoteza mtu baharini au aliyeshuhudia mauaji kama yale ya Mpeketoni, kaunti ya Lamu, mwaka 2014 asiyaamshe hayo kwa rekodi ya simu chumbani; atafute mshauri nasaha au daktari wa akili wa kukaa naye. Na hofu yenye sababu isitulizwe. Boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na jaketi za kuokoa maisha ni ya kuachwa iende, hata kama namba yako ni 0.

Ngazi ya mwisho ikitulia, vuka ndani ya siku tatu. Ukichelewa, hofu inaweza kurudi. Chagua asubuhi isiyo na upepo mkali, kaa karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, ambako hairuki sana, ushike kipande kile cha kamba bila kukikaza. Taja namba yako kimoyomoyo mnapong'oa, katikati, na mnapofunga gatini Amu. Kunywa kahawa, kisha urudi Mokowe siku hiyo hiyo kwa boti nyingine. Kesho yake vuka tena.