Shangazi, huu ni msiba au utalii?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, na nina duka la vipodozi. Mama mkwe wangu alifariki miezi mitatu iliyopita kijijini kwao Kamachumu, wilaya ya Muleba. Tulikwenda kuzika kwa ndege. Mimi nilirudi kesho yake kwa sababu dukani nilikuwa nimemwacha msichana mgeni. Mume wangu alifuata baada ya siku mbili, kazini walimpa siku 4 tu.*

*Sasa amechukua likizo yake ya mwaka. Ijumaa ijayo anaondoka na gari letu, yeye na dada yake, mwalimu wa Morogoro aliyeachika. Wanakwenda kujengea kaburi na kupanga vitu vya mama, na hilo sina neno nalo. Lakini badala ya kupanda ndege wanaendesha, kilomita zaidi ya 1,300, eti walale Singida na Kahama kwa sababu baba yao alikuwa muuguzi wa serikali na huko ndiko walikokulia. Kurudi watapita Mwanza ili wavuke lile daraja jipya la Kigongo–Busisi, kwa kuwa mama alitamani kulivuka. Shangazi, huu ni msiba au utalii?*

*Nilipoomba na mimi niende, mume wangu alisema, "Safari hii niache na dada." Miaka 11 ya ndoa! Kwenye simu yake nimeona wifi amemwandikia, "Tutaongea yote njiani." Yote yapi? Mimi najua ni kibanja, lile shamba la migomba la wazazi wao. Yule hana kwake, na kaka yake hawezi kumkatalia kitu. Mafuta na gesti zinalipwa na fedha zetu, na Julai kuna ada. Nilimwandikia wifi ujumbe mfupi tu wa kumkumbusha kwamba kaka yake ana familia, hakujibu mpaka leo. Hata msibani alinikwepa. Nilimwuliza tu rambirambi zimefika kiasi gani, akanigeuzia mgongo. Nifanyeje nizuie safari hii bila kuonekana mbaya?*

*Mke Aliyeachwa Nyuma*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa, mama mkwe naye ni mama.

Umeomba njia ya kuzuia safari huku sura yako ikibaki nzuri. Njia hiyo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Mumeo aende. Aende kwa gari, na dada yake, walale Singida, walale Kahama, na daraja walivuke.

Sasa turudi kwenye barua, maana imesema mengi kuliko ulivyokusudia. Tuanze na rambirambi. "Nilimwuliza tu." Mtu ametoka kumfukia mama yake, macho hayajakauka, wewe unamwendea na hesabu. Na unamwendea huku begi lako la kurudia Dar limeshafungwa. Kufa kufaana, walisema wakubwa, lakini hawakusema mtu aanze kufaana mbele ya wafiwa. Yeye alikugeuzia mgongo. Ungeniuliza mimi ungefukuzwa na mwiko wa jikoni.

Umeandika wewe ulirudi lini na mumeo alirudi lini. Wifi alibaki siku ngapi? Hukuandika. Nami nadhani najua kwa nini. Baada ya mazishi kuna sufuria za kurudisha zilikoazimwa, kuna wageni wa mbali wa kulisha, kuna wazee wa ukoo wanaokuja mmoja mmoja jioni na kila mmoja anataka aketi, apewe chochote na asikilizwe. Mke wa mtoto wa marehemu huwa anatazamwa pale. Hatazamwi kwa ubaya, anatazamwa kwa sababu kazi ni nyingi na mikono yake inahesabiwa. Mikono yako ilikuwa dukani. Msichana mgeni angefunga duka siku tatu, wateja wangepaka mafuta ya nazi, dunia ingeendelea.

Halafu zile siku 4 za mumeo umezitaja kama ratiba ya basi. Mimi nilisimama hapo. Mwajiri wake hakumwonea: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema aliyefiwa na mzazi apewe angalau siku 4 za malipo, basi akapewa. Hebu zihesabu. Ya kwanza ni ya kufika. Ya pili kuzika, na mtoto wa kiume siku hiyo hana nafasi ya kulia, anaulizwa jeneza, anaulizwa turubai, anaulizwa nani atamfuata padri. Ya tatu kikao cha ukoo. Ya nne uwanja wa ndege. Jumatatu yuko ofisini, tai shingoni, anapokea pole kwenye ngazi. Miezi mitatu umelala naye kitanda kimoja. Umemwona akilia? Ungekuwa umemwona ungeniandikia, maana hukuacha kitu kingine.

Huyo mtu hajamlilia mama yake. Anatafuta pa kumlilia, na amechagua kiti cha gari pembeni ya mtu pekee aliyebaki duniani anayemjua yule mama kama anavyomjua yeye. Wewe ulimkuta bibi mwenye kilemba, anayekutumia kahawa na senene kwenye kopo la majarini. Wao walikuwa naye akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mke wa muuguzi anayehamishwa kila alipozoea, magodoro juu ya lori, watoto wawili katikati ya masanduku. Dodoma, Manyoni, Singida, kuteremka mlima Sekenke, Igunga, Nzega mpaka Kahama: hiyo kwao si barabara ya kwenda Bukoba, ni miaka yao ya utoto imepangwa kwa mstari. Ndege inaruka juu ya yote hayo. Ndiyo maana hawaitaki.

Na hilo daraja ulilolicheka. Simjui mama mkwe wako, ila nabahatisha. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapakia tena Kemondo, na asubuhi ikazama ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Kemondo na Kamachumu si mbali. Wapo wazazi wa kule ambao tangu siku ile Ziwa Victoria walilitazama kutoka kilimani tu, hata kivuko cha Busisi hawakukikanyaga. Wakiwa na shida Mwanza, walikuwa tayari kuzunguka Kahama na Shinyanga kwa nchi kavu. Mwanamke wa Muleba wa umri wake anayetamani kuvuka daraja, mimi sihitaji kuelezwa. Limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na yeye hakupata kupita. Muulize mumeo, kwa sauti ya upole, kama mama alikuwa anaogopa maji. Akikuelezea, kaa kimya umsikilize mpaka mwisho. Huenda ikawa mara ya kwanza tangu msiba mtu kumsikiliza humo ndani.

Sasa kibanja, kwa sababu ndicho kilichokuandikisha barua. Unasema wifi "hana kwake". Amezaliwa Kamachumu, mwanangu. Ana kwao. Aliyeachika hajafutwa kwenye ukoo. Kama unategemea zile mila za zamani kwamba binti wa Kihaya anakaa tu kwenye shamba la wazazi bila kuwa na kauli juu yake, umechelewa sana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, na mtoto wa ndugu yake akaenda kuupinga uuzaji huo kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Jaji alisema mila ya kumbagua mwanamke namna hiyo inagongana na Katiba. Kwa hiyo wifi akisema analitaka fungu lake, haombi hisani ya kaka yake.

Wewe je? Kwenye mali ya mama mkwe huna fungu. Analo mumeo. Na kama hofu yako ni kwamba atalainishwa njiani, tulia: kibanja hakigawanywi kwenye viti vya mbele vya gari. Kuna kikao cha ukoo na muhtasari wake, kuna cheti cha kifo, kuna mahakama ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Yote hayo yana karatasi, na karatasi mumeo ataleta nyumbani. Ila ukianza leo kuwachonganisha, ujue wakubwa waliona mbali: ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Kapu lako litakuwa tupu, na kila mtu Kamachumu atajua ni nani aliyelitoboa.

Niseme na wengine mnaosoma, maana barua za namna hii zinanijia kwa wingi. Hizi kicheni pati zetu siku hizi zina mapambo ya mamilioni na mafunzo ya dakika kumi. Binti anafundishwa kutandika kitanda, anafundishwa kunukia, anafundishwa eti "mume wako ndiye rafiki yako wa pekee na wewe ndiye wake", watu wanapiga vigelegele, basi. Hakuna anayemwambia kwamba huyo mwanaume amekuja na dada aliyembeba mgongoni, na kwamba dada huyo hatarudishwa dukani. Ndipo mnaingia kwenye ndoa na orodha ya wa kumtenga: kwanza mama mkwe, halafu wifi, halafu rafiki wa zamani. Mwanaume akishabaki peke yake sebuleni mnalalamika haongei. Aongee na nani? Mmewafukuza wote waliokuwa wakijua lugha yake. Na wanaume nao wana lao: wanaoa, wanawaachia wake zao kazi ya kupigia simu ndugu zao wenyewe, mpaka msiba unakuja hawajui hata dada yao anafundisha shule gani. Wa kwako angalau anamjua. Shukuru.

Hata hivyo kuna mahali niko upande wako, nisije nikaambiwa nina chuki na wake za watu. Fedha. Gari ni lenu na ada ni ya watoto wenu. Mumeo alipaswa kukaa nawe na kalamu: mafuta ya kwenda na kurudi, malazi, saruji ya kaburi, na kiasi cha kuachwa nyumbani. Kama hajafanya, mwambie leo mfanye, na umwombe dada yake achangie mafuta, ni mwalimu, ana mshahara. Ila nina swali dogo. Alipokutajia safari mara ya kwanza, ulimjibu nini? Nina wasiwasi kalamu ilikuwepo, ikaruka dirishani.

Basi fanya hivi. Toa fedha ya duka lako, si ya mumeo, ununulie mifuko ya saruji ya lile kaburi, na umkabidhi wifi mkononi mwake. Usimwambie ni kiasi gani. Wapikie kitu cha njiani, hasa chapati na kuku mkavu, chakula kisichoharibika hadi Singida. Mwambie mumeo washikiane usukani na wasiendeshe usiku. Hapo una haki ya kuwa mkali, kwa sababu wanaomsubiri pamoja nawe ni watoto wawili. Simu ya asubuhi na ya jioni inatosha. Ukipiga kila kituo cha mafuta, hutaulizia usalama, utakuwa unapekua.

Ule ujumbe "mfupi tu" hukuninakilia, na mtu akiniambia aliandika kidogo huwa najua aliandika vya kutosha. Mpigie wifi, usimwandikie. Mwambie: dada, nilikosea msibani na nikakosea tena kwenye simu. Usiongeze "lakini". Asipopokea, mpigie kesho.

Imebaki simu ya mumeo, ambayo unasema "umeona" ujumbe kana kwamba ulikuwa umebandikwa ukutani. Uliisoma. Mwambie mwenyewe kabla ya Ijumaa, akiwa bado Kinyerezi. Akiondoka hajui, wifi atamweleza ulivyomwandikia, ataanza kuunganisha mambo barabarani, na kufika Dodoma atakuwa amebadilisha namba ya siri.

Shangazi