Lipa Fundi Kabla Mishumaa ya Shabati Haijawashwa

Msomaji mmoja kaniuliza: "Kaka, hizi parasha mnazosoma kila wiki zinakusaidia nini hapa Nairobi?" Parasha ni fungu la Torati tunalosoma sisi Wayahudi sinagogi kila wiki. Swali limenikuta na kidonda kibichi.

Ijumaa ile fundi wa rangi alimaliza mbao za ukingoni mwa paa yapata saa kumi na moja jioni. Alishinda juu ya ngazi tangu asubuhi, ngazi ya mbao yenye kidato kimoja kilichofungwa kwa kamba ya katani. Akashuka, akajisugua mikono kwa mafuta ya taa, akasimama karibu na geti. Mimi mbio: Shabati, siku yetu ya mapumziko, inaingia, sijaoga, mke wangu anaulizia divai. Nikamwambia, "Fundi, tuonane Jumapili." Shilingi zake 2,800 nilikuwa nazo kwenye simu. "Sawa, mzee," akasema. Simu nikazima.

Kesho yake sinagogi tukasoma parasha iitwayo Ki Tetze. Ina amri 74, lakini mimi nilisikia moja tu, Kumbukumbu la Torati 24:15: mpe kibarua ujira wake siku iyo hiyo, jua lisichwe, kwani ni maskini na moyo wake uko hapo. Nikaanza kujitetea kimoyomoyo. Mishna yenyewe, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, inasema kibarua asipodai, mwajiri hajavunja amri. Na huyu si alisema "sawa"? Ila Talmudi, inayoifafanua Mishna, katika kitabu chake cha Baba Metzia, inauliza: mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akaiweka roho yake rehani kwa ajili ya nini, kama si ujira? Ngazi! Ile kamba ikanijia machoni. Na kulipa siwezi. Shabati hatugusi hela mpaka nyota zitoke.

Mimi mwenyewe niliwahi kumfyatulia mtu matofali wiki tatu, mtu wa ibada kuliko mimi. Nilimjibu "sawa, mzee" mara nne. Hadi leo namdai. Kwa hiyo msiniambie fundi karidhika. "Sawa" ile ni woga wa kukosa kazi kesho.

Basi nyinyi mnaojenga, tengeni hela ya fundi kabla hajafungua kopo la rangi. Akishuka, mlipe. Usingoje adai. Narudia: usingoje adai! Tunafunga, tunatoa sadaka, tunagombea viti vya mbele, na hela ya mtu imelala kwetu.

Havdala, ibada ya kuaga Shabati, ilipoisha nilituma pesa, mshumaa bado unafuka moshi. Hakujibu. Juzi amekuja kupaka geti, na kabla hajatoa brashi kwenye mfuko ameomba nusu ya hela kwanza.